Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Nchi za Kidemokrasia: Anayeomba Mamlaka ya Ziada Ndiye Athibitishe

Kwenu Marais, Mawaziri Wakuu, Wabunge, Majaji na Wakuu wa vyombo vya ulinzi na usalama,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, nikijua kwamba baadhi yenu huianza siku kwa kusoma taarifa za vitisho ambavyo sisi raia hatutavisikia kamwe, na kwamba shambulio likitokea, ninyi ndio mtakaoulizwa lilipitaje. Sitaanza kana kwamba hofu yenu ni ya kubuni. Watu karibu 3,000 waliuawa Marekani tarehe 11 Septemba 2001. Treni za Madrid zililipuliwa Machi 2004, treni na basi la London Julai 2005, na hoteli na kituo cha reli cha Mumbai vikavamiwa Novemba 2008. Katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, watu 67 waliuawa Septemba 2013, na Paris ikapoteza watu 130 katika usiku mmoja wa Novemba 2015. Serikali inayoshindwa kuwakinga watu wake na mauaji ya namna hiyo imeshindwa kazi yake ya kwanza, na yeyote anayetetea haki za raia bila kulikubali hilo hana haki ya kusikilizwa na watu waliozika ndugu zao.

Ninachowaandikia ni yale yanayofanyika katika majuma machache baada ya mazishi, pale muswada unapofika bungeni ukiwa tayari umechapwa, na wabunge wanapoambiwa kwamba kila siku ya mjadala ni siku ya hatari. Nchini Marekani, sheria iliyopanua mamlaka ya upekuzi na ufuatiliaji ilisainiwa tarehe 26 Oktoba 2001, siku 45 baada ya mashambulizi. Katika Seneti kura za kuiunga mkono zilikuwa 98, na aliyeipinga alikuwa mmoja tu, Russ Feingold wa Wisconsin. Uingereza nayo, kabla ya mwaka huohuo kwisha, ilikuwa na sheria iliyoruhusu wageni walioshukiwa kwa ugaidi kuwekwa kizuizini kwa muda usiojulikana bila kufunguliwa mashtaka. Kenya, mnamo Desemba 2014, ilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu ndani ya ukumbi wa Bunge, na Rais akayasaini siku iliyofuata. Katika mazingira kama hayo swali hugeuzwa. Serikali haiulizwi tena mamlaka mapya yatazuia nini ambacho yale iliyo nayo yalishindwa kuzuia. Anayeulizwa ni mbunge anayesita, na swali analoulizwa ni kama yuko upande wa wauaji.

Ombi langu kwenu ni moja, nalo ni kwamba mzigo wa kuthibitisha urudi kwa yule anayeomba mamlaka, na ubaki mabegani mwake kwa muda wote atakaokuwa ameyashika. Ombi hili si la wanaharakati peke yao. Tume iliyochunguza mashambulizi ya 11 Septemba, yenye wajumbe kumi, watano kutoka kila chama, ilisoma nyaraka za siri na kuwahoji wakuu wa idara za ujasusi, na katika ripoti yake ya Julai 2004 ikapendekeza jambo hilohilo: serikali ikitaka kuendelea kuwa na mamlaka fulani, ni juu yake kueleza kwamba mamlaka hayo yanaongeza usalama kwa kiasi kinachoonekana, na kwamba kuna usimamizi wa kutosha wa kuhakikisha yanatumika bila kukanyaga uhuru wa raia. Tume hiyo ilikuwa imeona kwa macho yake kwamba sehemu kubwa ya kushindwa kwa mwaka 2001 ilitokana na idara zilizokuwa na taarifa lakini hazikupeana. Upungufu huo hautibiwi kwa kuwasikiliza watu wengi zaidi kwenye simu.

Mmezoea kutuambia kwamba usalama na uhuru viko kwenye mizani, na kwamba kuongeza upande mmoja ni lazima upunguze mwingine. Nawaomba muiangalie mizani hiyo kwa makini zaidi, kwa sababu mara nyingi anayepata na anayepoteza si mtu mmoja. Wengi huahidiwa usalama, na uhuru unaotolewa kama malipo ni wa wachache: watu wa dini fulani, wa asili fulani, wa mkoa fulani, au waliokimbilia nchi yenu kutafuta hifadhi. Mwananchi wa kawaida huambiwa kwamba kama hana la kuficha hana la kuogopa, naye huitikia kwa dhati kwa kuwa anajua mlango utakaogongwa usiku wa manane hautakuwa wake. Kwa hiyo kura za maoni zinazoonyesha kwamba watu wako tayari kupunguziwa uhuru hazinipi faraja. Ningependa kujua uhuru wa nani ndio walio tayari kuutoa.

Hakuna tukio linaloonyesha hili waziwazi kuliko lile lililowapata Wamarekani wenye asili ya Japani. Tarehe 19 Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Franklin Roosevelt alisaini amri iliyowezesha watu wapatao 120,000 kuondolewa katika majimbo ya pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Takriban theluthi mbili yao walikuwa raia, waliozaliwa na kusomeshwa hukohuko Marekani. Jeshi lilisema ni lazima kwa ulinzi wa nchi. Mmoja wao, Fred Korematsu, alikataa kwenda, akakamatwa, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 1944, kwa kura sita dhidi ya tatu, ilikubali neno la jeshi. Majaji wale sita hawakutaka ushahidi kwamba jamii ile kwa ujumla wake ilikuwa ya hatari. Waliona kwamba wakati wa vita si kazi ya mahakama kupima hoja za makamanda.

Yaliyojulikana miaka mingi baadaye ndiyo yanayonifanya niirudie kesi hii hata kwa wasomaji wanaoijua. Katika miaka ya 1980 zilipatikana nyaraka zilizoonyesha kwamba ujasusi wa jeshi la majini ulikuwa umeona kwamba wenye mashaka ni wachache na wangeweza kushughulikiwa mmoja mmoja, kwamba madai ya watu kupeleka ishara kwa manowari za adui yalikuwa yamekanushwa na taasisi za serikali yenyewe, na kwamba baadhi ya mawakili wa serikali walilijua hilo lakini majaji hawakuelezwa. Mwaka 1983 Jaji Marilyn Hall Patel alifuta hatia ya Korematsu. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilieleza kwamba chanzo cha yote hakikuwa ulazima wa kijeshi, bali ubaguzi wa rangi, jazba ya vita na udhaifu wa viongozi wa kisiasa. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alisaini sheria ya kuomba radhi na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka arobaini. Watu walikuwa wamepoteza mashamba, maduka na nyumba, na wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa wakiwa na doa la usaliti lisilo lao.

Waheshimiwa, ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuudai na ujasiri wa kutoridhika na neno tupu. Ninyi majaji mnaposema kwamba mambo ya usalama yaachiwe wataalamu wa usalama, kumbukeni kwamba katika kesi ile wataalamu wenyewe walikuwa wamesema kinyume cha kilichowasilishwa mahakamani.

Mfano wa pili nautoa kwa wale miongoni mwenu wanaoamini kwamba haki za raia ni gharama ya usalama, kwa maana ukizipunguza usalama unaongezeka. Tarehe 9 Agosti 1971 serikali ya Ireland ya Kaskazini, kwa idhini ya London, ilianza kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Alfajiri ile walikamatwa watu 342. Orodha zilizotumika zilikuwa za zamani na zenye makosa, na zaidi ya mia moja waliachiwa ndani ya siku mbili. Karibu wote waliokamatwa walitoka jamii ya Wakatoliki, ingawa mauaji yalikuwa yakifanywa pia na makundi yenye silaha ya upande wa pili, wa Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza, na ilichukua hadi 1973 kwa mtu wa kwanza wa upande huo kuwekwa kizuizini. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa kwa njia ambazo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilizitamka mwaka 1978 kuwa ni vitendo vya kinyama na vya kudhalilisha.

Je, nchi ilitulia? Vijana ambao hawakuwa wanachama wa kundi lolote walijiunga na makundi yenye silaha. Maandamano ya tarehe 30 Januari 1972 mjini Derry, ambayo askari waliyafyatulia risasi na kuua watu 13 siku hiyohiyo, yalikuwa maandamano ya kupinga vizuizi hivyo. Mwaka 1972 ukawa mwaka wenye vifo vingi kuliko mwingine wowote wa mgogoro ule, zaidi ya watu 470. Sidai kwamba kila kifo kilisababishwa na amri ya Agosti 1971, kwa kuwa mgogoro ulikuwa na mizizi mirefu. Nasema kwamba amri ile ililetwa kwa ahadi ya kupunguza mauaji, na mauaji yakaongezeka, hali waliobebeshwa hasara walikuwa wale ambao hawakuwa wamefanya kosa. Hata hivyo iliendelea hadi Desemba 1975, na kufikia hapo watu 1,981 walikuwa wamepitia vizuizini. Ingekuwapo sheria iliyoilazimisha serikali kurudi bungeni kila baada ya majuma machache na kuonyesha matokeo, naamini isingedumu miaka minne.

Kuhusu India nitasema kwa ufupi, na hasa kwa majaji. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi usiku wa tarehe 25 Juni 1975 ilisababisha watu zaidi ya 100,000 kuzuiliwa bila kushtakiwa. Mahakama Kuu tisa katika majimbo mbalimbali zilikuwa zimeshikilia kwamba aliyezuiliwa bado anaweza kuhoji uhalali wa kuzuiliwa kwake. Aprili 1976 Mahakama ya Juu ilizigeuza zote, kwa kura nne dhidi ya moja. Mwanasheria Mkuu alikuwa amekubali mbele ya majaji kwamba, kwa hoja yake, hata askari akimuua mtu kinyume cha sheria, mahakama isingekuwa na la kufanya mpaka hali ya hatari iondolewe. Jaji pekee aliyekataa, Hans Raj Khanna, alirukwa katika uteuzi wa Jaji Mkuu Januari 1977, akajiuzulu. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba uamuzi wa 1976 ulikuwa na makosa makubwa. Sina shaka kwamba wale wanne walikuwa wanasheria wazuri. Walitishwa na wakati.

Mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya karne iliyopita, na kwamba leo vitisho vimejificha ndani ya mitandao na simu ambazo hazisomeki bila nyenzo mpya. Nakubali kwamba nyenzo zimebadilika, na kwa sababu hiyohiyo nataka tuangalie uchunguzi mmoja wa hivi karibuni, kwa kuwa unaonyesha kwamba ninachoomba kinawezekana.

Juni 2013, kupitia nyaraka za siri alizozitoa Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba katika idara ya ujasusi ya Marekani, dunia ilijua kwamba serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya kila siku rekodi za simu za mamilioni ya wananchi wake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Maofisa waliitetea programu hiyo kwa kusema imezuia mashambulizi. Bodi huru ya Usimamizi wa Faragha na Uhuru wa Raia, ambayo wajumbe wake walikuwa na kibali cha kuona siri zote, iliyapitia madai hayo moja baada ya jingine. Januari 2014 ikaeleza kwamba haikupata hata tukio moja, lililohusu tishio kwa Marekani, ambapo programu ile ilileta tofauti ya kweli katika matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliona kwamba sheria iliyotumika haikuruhusu ukusanyaji wa namna ile, na Bunge likaukomesha. Rekodi za taifa zima zilikuwa zimekusanywa kwa miaka kadhaa, na faida iliyotangazwa haikuonekana ilipotafutwa.

Lakini bodi hiyohiyo, Julai mwaka huohuo wa 2014, iliichunguza programu nyingine, ile inayolenga mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani, na ikasema kwamba hiyo imekuwa na thamani na imesaidia kugundua njama, ingawa ilikuwa na mapungufu yaliyohitaji kurekebishwa, hasa pale mawasiliano ya raia yanaponaswa pamoja na ya wageni. Huu ndio uchunguzi ninaoutaka. Wachunguzi hawakwenda na jibu mfukoni. Mamlaka mawili yaliulizwa swali moja. Moja likashindwa kujibu, jingine likajibu kwa kiasi kikubwa. Kama wasingepewa ruhusa ya kuona, mamlaka yote mawili yangeendelea kutetewa kwa hotuba ileile. Na anayependa usalama kwa dhati anapaswa kulifurahia hilo kuliko mtu mwingine, kwa maana fedha na maofisa waliokuwa wakitumikia programu isiyofaa wangeweza kupelekwa penye kazi.

Hali kama hiyo ilionekana Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2000 iliwaruhusu polisi kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote katika maeneo yaliyotajwa bila kuwa na sababu ya kumshuku. Katika mwaka mmoja, 2009 hadi 2010, walipekuliwa watu zaidi ya 100,000, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi kutokana na upekuzi huo. Mahakama ya Ulaya iliona mwaka 2010 kwamba mamlaka yale yalikuwa mapana mno, na yakaondolewa. Najiuliza ni vijana wangapi waliopekuliwa hadharani wangekuwa tayari, siku nyingine, kumsogelea polisi na kumwambia kwamba jirani yao anafanya jambo la kutia shaka.

Sasa nije kwenye muda, kwa sababu hapo ndipo penye dawa na ndipo penye udanganyifu pia. Ziko katiba zilizoandikwa na watu waliokuwa wameonja hali ya hatari isiyokwisha, nazo zimelifikiria jambo hili vizuri kuliko nchi nyingi kongwe. Katiba ya Afrika Kusini inasema tangazo la hali ya hatari lisizidi siku 21 bila Bunge kuliongeza, na kila nyongeza isizidi miezi mitatu. Nyongeza ya kwanza hupita kwa kura nyingi za kawaida, na zinazofuata zinahitaji asilimia 60 ya wabunge. Katiba ya Kenya ya 2010 inaweka siku 14, kisha nyongeza zisizozidi miezi miwili, ya kwanza kwa theluthi mbili ya wabunge na zinazofuata kwa robo tatu. Zote mbili zinaziachia mahakama nguvu ya kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Tazameni mantiki yake: kadiri hali ya hatari inavyorefuka, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuiendeleza. Kwingineko mambo yamekuwa kinyume. Hali ya dharura iliyotangazwa Marekani tarehe 14 Septemba 2001 imekuwa ikihuishwa mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuihuisha kumekuwa kazi ya kutia saini karatasi.

Ufaransa ilichagua njia nyingine ambayo naiona kuwa ya hatari zaidi, kwa kuwa inaonekana ya kistaarabu. Hali ya hatari iliyotangazwa baada ya mashambulizi ya Novemba 2015 iliongezwa mara sita, na ilipomalizika tarehe 1 Novemba 2017, baadhi ya mamlaka yake yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika sheria ya kawaida iliyosainiwa siku mbili kabla. Wananchi waliambiwa masharti hayo yatakuwa ya majaribio hadi mwisho wa 2020. Mwaka 2021 yakafanywa ya kudumu. Sisemi kwamba kila kifungu cha sheria ile ni kibaya. Nasema kwamba tarehe ya kikomo iliyoandikwa kwenye sheria haina maana ikiwa siku ile itakapofika hakuna anayedaiwa kuthibitisha chochote.

Najua hoja mbili mtakazoziweka mbele yangu, na zote ni za kweli kwa sehemu.

Ya kwanza ni ya haraka. Mtasema kwamba bomu haliwangojei majaji. Ni sawa, na hakuna anayetaka ofisa aliye mlangoni mwa muuaji aanze kuandika maombi. Chukueni hatua, kisha mje mthibitishe ndani ya siku chache, mbele ya mtu asiye wa idara yenu, na mkishindwa mliyemkamata aachiwe na mlichokikusanya kifutwe. Lakini yako mambo yasiyoweza kufanywa kwanza na kuelezwa baadaye. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unaruhusu nchi kusimamisha baadhi ya haki wakati maisha ya taifa yako hatarini, lakini katazo la mateso halimo miongoni mwa hizo. Israeli, nchi ambayo hakuna atakayesema haijui vitisho, ilishuhudia Mahakama yake ya Juu Septemba 1999 ikitamka kwamba idara ya usalama haina mamlaka ya kutumia nguvu za mwili katika mahojiano kwa namna iliyokuwa ikifanya, na Rais wa mahakama hiyo, Aharon Barak, akakiri waziwazi kwamba demokrasia mara nyingi hulazimika kupigana mkono wake mmoja ukiwa umefungwa.

Hoja ya pili, ya siri, ni nzito zaidi, na sitaki kuipita juujuu. Kuna vyanzo ambavyo vikitajwa, mtu hufa. Kuna mbinu ambazo zikijulikana hazifanyi kazi tena. Kwa hiyo siombi kwamba taarifa za ujasusi zisomwe barabarani. Naomba kwamba awepo mtu wa nje anayeweza kuziona zote, mwenye kipindi cha kazi kisichotegemea hisani ya yule anayemchunguza, na mwenye ruhusa ya kutuambia sisi wananchi, kwa maneno ya jumla, kama madai ya serikali yanasimama au yanaanguka. Bodi niliyoitaja iliona siri na haikuzimwaga. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church kuanzia 1975 ilifukua vitendo vya miongo kadhaa, ikiwa ni pamoja na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kumfuatilia Martin Luther King, kiongozi wa kutetea haki za Wamarekani weusi, na kujaribu kumvunja heshima, na taifa lile halikuanguka kwa kuyajua hayo; miaka mitatu baadaye lilipata sheria iliyolazimu kibali cha mahakama kwa ufuatiliaji wa kijasusi ndani ya nchi. Canada nayo ina sheria ya mwaka 1988 inayolazimisha uchunguzi wa hadharani kila baada ya mamlaka ya dharura kutumika. Yalipotumika Februari 2022 dhidi ya maandamano ya madereva wa malori, Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani alikaa kwenye kiti cha shahidi na kuulizwa maswali na mawakili. Tume iliyoendesha uchunguzi huo iliona kwamba kigezo cha kisheria cha kuyatumia kilifikiwa; mwaka 2024 jaji wa Mahakama ya Shirikisho akaona hakikufikiwa. Tofauti hiyo hainisumbui hata kidogo. Hoja za serikali zilikuwa mezani, na kila mwananchi aliweza kuzisoma na kuamua.

Na pale mahakama zinapothubutu kupima, hazidhuru usalama kama mnavyohofia. Mwaka 2004 majaji wa juu wa Uingereza, kwa kura nane dhidi ya moja, walipinga kizuizi cha wageni nilichokitaja mwanzoni. Wengi wao hawakubisha kwamba hatari ipo. Walihoji mantiki ya kumfungia mgeni bila kikomo huku raia mwenye tishio lilelile akiachwa huru. Miezi saba haijatimia, London ikashambuliwa, na watatu kati ya washambuliaji wanne walikuwa wamezaliwa Uingereza. Sheria iliyowaweka wageni ndani isingewagusa. Kenya nako, Februari 2015, Mahakama Kuu iliondoa vifungu vinane vya sheria ya Desemba 2014, kikiwemo kilichovibana vyombo vya habari na kilichoweka kikomo cha idadi ya wakimbizi. Aprili mwaka huo Chuo Kikuu cha Garissa kikavamiwa na watu 148 wakauawa, na malalamiko makubwa yaliyofuata yalikuwa juu ya tahadhari zilizokuwepo bila kufanyiwa kazi na kikosi maalumu kilichochelewa kufika. Familia zile hazikuwa zikililia vifungu vilivyofutwa.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, nawaomba msisubiri shambulio lijalo ndipo mlifikirie jambo hili, kwa kuwa wakati huo hakuna atakayekuwa na utulivu wa kufikiri. Anzeni sasa, na mamlaka mliyo nayo tayari. Kila Bunge lichague lile kongwe kuliko yote miongoni mwa mamlaka yaliyopitishwa kwa ahadi kwamba ni ya muda, na ambalo bado linatumika. Liwaite wanaolitumia, kwa faragha pale panapolazimu na hadharani pale panapowezekana, liwaulize limezuia nini, limetumika kwa nani, ni wangapi kati ya hao waliokutwa hawana hatia, na wamefidiwa nini. Likithibitishwa, lipewe muda mwingine ulio mfupi. Lisipothibitishwa, lifutwe. Na majibu hayo yachapishwe kabla ya kura kupigwa, pamoja na majina ya wabunge watakaopiga kura ya kuliongeza.

Wenu kwa heshima,

Raia